Taa ya tangi la matumbawe iwake saa ngapi kwa siku?

Saa nne usiku, taa zote za nyumba zimezimwa, lakini sebuleni mwanga wa bluu bado unameremeta. Unatoka kwenye tangi la matumbawe. Baba hapendi kuuzima kwa sababu unapendezesha nyumba, na mama anauacha kwa sababu mtoto anayelala kwenye kochi anaogopa giza. Kwa kufanya hivyo, wanawakosesha usiku viumbe wa aina mbili.

Matumbawe si mawe wala mimea, ni wanyama. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana tangi la matumbawe huhitaji taa kali kuliko tangi la samaki wa kawaida.

Hata hivyo, taa kali haina maana ya taa isiyozimwa. Katika bahari ya Mafia au Unguja, jua huwaka takribani saa 12 kwa siku, na makali yake ni ya saa chache za mchana tu. Usiku, matumbawe mengi hutoa mikono yao midogo na kunasa chakula majini.

Kwa tangi la nyumbani, saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha. Taa kuu inaweza kuwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, kisha mwanga hafifu wa bluu ubaki hadi saa mbili usiku. Swichi inayojizima yenyewe kwa saa huondoa tatizo la kusahau. Taa ikiwa mpya, ianze kwa saa 4 au 5, iongezwe taratibu kwa wiki kadhaa.

Kwa wakazi wa Dodoma, jua la dirishani si mbadala wa taa. Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, tangi lililo karibu na dirisha hupata joto haraka. Maji yanapaswa kuwa kati ya nyuzi joto 24 na 27. Yakizidi 30 kwa muda, matumbawe huutoa ule mwani na kupauka, kama yalivyopauka mwaka 1998 katika pwani ya Tanzania bahari ilipopata joto kupita kiasi.

Umeme ukikatika, wasiwasi usiwe taa. Matumbawe huvumilia siku moja ya giza, lakini maji yasiyozungushwa huishiwa hewa ndani ya saa chache. Betri au jenereta ihudumie pampu kwanza.

Na mtoto je? Mwenye umri wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mwanga wa bluu usiku hupunguza homoni inayoleta usingizi, na watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima. Anayeogopa giza awekewe taa ndogo ya manjano ukumbini, mbali na macho yake.

Mzazi akipanga saa moja ya kuzima tangi na kumpeleka mtoto kitandani, wote wawili watapata usiku wao.