Christopher Okemwa na Dharau ya Wahakiki

Wapo wahakiki wanaomgawa Christopher Okemwa mapande mawili: mshairi, mwasisi wa tamasha la Kistrech huko Kisii, ambaye humhakiki, na mtunzi wa watoto na vijana, ambaye humwachia mwalimu wa shule. Mgawo huu ni batili. Okemwa huyo huyo alikusanya vitendawili vya Abagusii. Na mtoto wa Marani anayetegewa kitendawili na nyanyake huanza kujifunza sitiari kabla ya kujua kusoma. Aidha, novela yake ya vijana, *Sabina and the Mystery of the Ogre*, iliyopata Tuzo ya Burt mwaka 2015, inalirejesha zimwi la ngano tangu anwani yake. Mhakiki adharauye chemchemi atadaije kuujua mto?