HESABU YA JIONI: Tani 13,120,000 za Afungi

Mwezi huu tumechagua namba ambayo sisi tuliotoka Palma tuliisikia mpaka masikio yakachoka: 13,120,000. Hizo ni tani za gesi ya kimiminika ambazo mradi wa Afungi, uliopitishwa Juni 2019, ulipangwa kutoa kila mwaka. Ikaja Machi 2021, Palma ikashambuliwa, kazi ikasimama, nasi tukatawanyika. Nyumba tuliziacha, namba tukaja nayo kichwani.

Zamani ikisomwa tulitikisa vichwa tu. Leo tuifungue.

Kwanza, je, inagawanyika kwa 3? Msihangaike na hesabu ndefu. Jumlisheni tarakimu: 1+3+1+2 ni 7, sifuri haziongezi kitu. Saba kwa watu watatu, inabaki 1. Basi na tani zote zile zikigawiwa watatu, inabaki tani 1.

Mbona iwe hivyo? Chukueni punje kumi za maharage, wapeni watu watatu. Kila mmoja anapata 3, inabaki 1. Mia nayo hubakiza 1, elfu vilevile, hata milioni kumi. Kwa hiyo mia mbili hubakiza 2, sawa na tarakimu yake. Ndiyo maana tunajumlisha tarakimu tu.

Pili, tuivunje mpaka zibaki namba tasa. Tunapata 2 mara tisa, 5 mara nne, na 41 mara moja. Zidisheni zote, mtairudia namba yetu. Ukitaka kigawanyo, unachagua uchukue 2 ngapi, kuanzia sifuri mpaka tisa: njia 10. Za 5 ni njia 5. Na 41 uichukue au uiache: njia 2. Sasa 10 × 5 × 2 ni 100. Kumbe namba hii ina vigawanyo 100 kamili! Lakini 365 haimo. Ukizigawa kwa siku za mwaka, kila siku ni tani 35,945, na mwisho zinabaki 75.

Mtasema, yatusaidie nini haya? Yatusaidie kwenye mgao. Tuseme imetangazwa mikeka 4,215 kwa mitaa mitatu. Tarakimu zinatoa 12, basi inagawanyika sawasawa, 1,405 kila mtaa. Ikipungua kwenu, ulizeni kwa adabu, hesabu mkononi. Hata mtoto aliyekosa darasa miaka miwili anaweza kuifanya akiwa kwenye foleni. Namba kubwa isitutishe tena.

Swali la nyumbani: mablanketi 7,436 kwa mitaa mitatu, yatabaki mangapi? Baba na mama wasiwasaidie haraka! Jibu mwezi ujao, Mungu akipenda.