MLANGO WA CHUO KIKUU NA SOMO LA BIASHARA



Katika mkutano wa tawi uliopita, mwanachama mmoja, fundi wa mabehewa, alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika orodha ya mazungumzo. Alisema, "Mwanangu ni kiziwi. Yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu. Akiwa nyumbani hutengeneza simu zilizoharibika, na fedha zake huziandika katika daftari, zilizoingia upande huu na zilizotoka upande huu. Mwaka huu ameanguka somo moja tu, nalo ni lile la kufundisha watu kuanzisha biashara. Je, chama chasemaje?"

Wengine walicheka, kisha wakanyamaza. Mwenyekiti akasema jambo hilo si la mishahara wala la nyumba, kwa hivyo liwekwe kando. Sisi twaona halifai kuwekwa kando, na ndiyo sababu tumelipa ukurasa huu.

Chuo chenyewe hatukitaji, maana shida hii haikai katika chuo kimoja. Tulimwandikia kijana maswali yetu, naye akatujibu kwa maandishi mazuri kuliko ya kwetu. Asema ya kwamba mwalimu hufundisha huku ameelekea ubao. Mkalimani wa lugha ya ishara huja leo na kesho haji, kwa sababu ni mmoja naye aitwa huku na huku. Alama nyingi hutolewa kwa mazungumzo ya vikundi, na hapo wenzake husema wote kwa pamoja, naye huambulia kutazama midomo. Mtihani ulipofika aliulizwa ataje sifa saba za mtu wa biashara. Alikumbuka nne. Lakini mtaani kwao watu humletea simu mpaka usiku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza sifa hizo.

Basi, somo hili lilitoka wapi? Wazee wetu kazini watakumbuka kwamba zamani mtu aliyesoma alitafuta kazi ya mshahara, na aliyekosa kusoma alikwenda kugonga mabati. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Dunia walitoa ripoti yao juu ya kazi katika Kenya, wakasema ya kwamba hawa wagonga mabati, wauza vyakula na mafundi wa barabarani si watu wa kupuuzwa wala kufukuzwa na askari, bali hutoa riziki kwa watu wengi sana. Baadaye nchi nzima ikawaita jua kali. Mapema katika miaka ya 1990 serikali iliingiza elimu ya biashara katika vyuo vya ufundi, na siku hizi vyuo vikuu vingi navyo vyaifundisha, hata kwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo au wa uhandisi. Jina lake ni ujasiriamali, neno refu linalotaka pumzi.

Hatulipingi somo hili. Tena twasema wazi, ili tusinukuliwe vibaya: mtoto wa mfanya kazi akijua kupiga hesabu ya faida, na kutenganisha fedha za biashara na fedha za unga, amepata kitu. Tunalolipinga ni namna ya kulifundisha, na watu wanaofungiwa nje.

Tazameni namna yenyewe. Mwanafunzi hutakiwa aandike mpango wa biashara: soko liko wapi, mtaji kiasi gani, faida itapatikana lini. Hilo ni jambo jema likiandikwa na mtu aliyekwenda sokoni. Lakini kila mwenye mtoto chuoni ajua ya kwamba mipango hiyo huuzwa katika vibanda vya kupigia chapa, imekwisha kuandikwa, hubadilishwa jina la juu tu. Ufugaji wa kuku wa mwaka jana huwa ufugaji wa kuku wa mwaka huu. Mwalimu mwenye wanafunzi mia kadhaa hana wakati wa kwenda kuwatazama kuku. Yule anayenunua mpango hupita, na yule aliyeandika daftari lake mwenyewe huanguka, kwa kuwa daftari si karatasi ya mtihani.

Sisi wa reli tulifundishwa njia nyingine. Shule ya mafunzo ya reli ilianzishwa Nairobi mwaka 1956, wakati wa East African Railways and Harbours. Desturi ya kazi yetu tangu hapo ni kwamba mwanagenzi husoma darasani, kisha hushika tupa karakanani, na fundi mkubwa humsimamia. Akikosea breki, fundi huona. Hakuna aliyepata cheti cha breki kwa kutaja sifa saba za breki. Mwaka uo huo wa 1956 ndipo Royal Technical College ilipofungua milango yake Nairobi, ambayo mwaka 1970 ilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ufundi na elimu ya juu zilikaa mji mmoja, hatua chache tu kati yao. Kilichozitenga hatukioni ila ni fahari.

Wala tusiambiwe kwamba haziwezi kukaa pamoja. Jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo lipo karibu katika kila nyumba ya wafanya kazi mjini, lilitokea mapema katika miaka ya 1980. Wataalamu walichukua fikira kutoka jiko la Thailand, lakini majiko ya kwanza yalikuwa na kasoro. Walioyarekebisha ni mafundi wa bati na akina mama wapishi, waliosema hili lapasuka na hili halishiki sufuria. Mtaalamu akasikiliza, akabadili. Jiko likauzwa, na hata leo lauzwa, na vijana wa jua kali hula kwalo. Hiyo ndiyo elimu ya biashara. Kipande kimoja kilitoka kwa msomi na kipande kimoja kilitoka kwa mama mwenye sufuria. Je, mama huyo angeingia darasani leo angepewa kiti?

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Milango ya masomo ya juu katika nchi hii imefunguliwa kidogo kidogo, na kila mara kwa kubishwa hodi. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 kilikuwa kwa vijana wa dini moja. Mwaka 1966 kikawa cha watu wote, na leo ndicho Technical University of Mombasa. Wasichana walikuwa wachache mno, leo wamejaa. Waliobaki nje sasa ni wale ambao mlango umefunguliwa kwa maandishi lakini kizingiti ni kirefu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika vyuo pamoja na wengine, na ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya Braille, au njia nyingine imfaayo. Kuandikishwa jina ameandikishwa. Lakini kufundishwa je?

Mwanafunzi asiyeona hupelekewa maelezo ya somo katika kompyuta, na kompyuta yake ina sauti ya kumsomea. Lakini kama mwalimu amepiga picha kurasa za kitabu akazituma hivyo hivyo, mara nyingi sauti haipati la kusoma, maana yaona picha, haioni maneno. Mwalimu huyo si mtu mbaya, hakuna aliyemwambia. Kuandika upya kwa herufi kungemsaidia asiyeona, na pia yule mwenye simu ndogo isiyobeba mafaili makubwa. Vivyo hivyo, mwalimu akitoa maelezo siku mbili kabla ya somo, kiziwi atayasoma, na yule aliyetoka zamu ya usiku akasinzia darasani naye atayasoma. Ndiyo maana twasema jambo hili si la sadaka kwa watu wachache.

Na wafanya kazi wenyewe? Tunao wanachama wanaosoma kwa fedha zao. Zamu hubadilika kila juma, somo halibadiliki. Mmoja wetu alikosa alama za kuhudhuria kwa sababu alikuwa njiani na treni ya mizigo. Somo alilokosa lilikuwa juu ya usafirishaji wa bidhaa. Tulicheka, naye alicheka kidogo.

Jambo jingine tusilolipita kimya ni lile ambalo hatulioni katika masomo hayo. Kila mwanafunzi huambiwa, usitafute kazi, uwe mtoa kazi. Haya, tumekubali, watoto wetu wote watakuwa matajiri, nao wataajiri watu. Je, wamefundishwa kuajiri? Tuliomba daftari tatu za vijana wetu wa vyuo mbalimbali tukazisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tulikuta kutafuta mtaji, kutafuta wanunuzi, kupunguza gharama. Kulipa mshahara tulikuta katika ukurasa wa gharama, pamoja na umeme na kodi ya chumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hatukuikuta. Sheria ya fidia kwa anayeumia kazini, ambayo pia ni ya mwaka 2007, hatukuikuta. Kifungu cha 41 cha Katiba, kinachompa mfanya kazi haki ya kujiunga na chama na kutendewa haki kazini, hakimo. Ikiwa vyuo vikuu vyafundisha watoto wetu kuwa matajiri bila kuwafundisha haya, vyatutengenezea matajiri wa namna ile ile tuliyopigana nayo, ila hawa watakuwa na majina yetu.

Na wakubwa wasilitumie somo hili kama kifuniko. Kijana akikosa kazi huambiwa, ulifundishwa ujasiriamali, jiajiri. Kuuza karanga kituoni kwa sababu karakana zimefungwa si biashara aliyoichagua mtu. Ni njaa iliyomchagulia.

Kwa hivyo twataka chama chetu kipeleke maneno haya kwa wakuu wa vyuo na kwa wizara. Kwanza, daftari la hesabu la biashara iliyo hai likubaliwe katika mtihani badala ya mpango wa kununuliwa, na anayeshindwa kujibu kwa kinywa ajibu kwa ishara, na anayeshindwa kuandika ajibu kwa kinywa. Wakalimani waajiriwe kwa mkataba wa kudumu. Siku hizi wengi huitwa kwa siku na kulipwa kwa siku, na hiyo ni shauri la chama cha wafanya kazi hata kama lingekuwa si shauri la wanafunzi. Mafundi wa Kamukunji na akina mama wa masoko waitwe kufundisha, na walipwe kwa saa kama mwalimu mwingine, maana twajua desturi ya kumwita fundi "mgeni wetu", kumpa soda, na kumrudisha kwake. Masomo ya jioni na ya mwisho wa juma yapangwe kwa kufikiri watu wa zamu. Na haki za mfanya kazi ziingizwe katika somo lenyewe, zitahiniwe.

Twajua tutaulizwa, fedha zitatoka wapi. Wakalimani ni fedha, hatukatai. Kugeuka kutoka ubaoni na kutazama wanafunzi hakugharimu kitu.

Yule kijana atarudia mtihani wake. Baba yake ametuambia ameomba barua ya chama ya kumpelekea mkuu wa idara, ili aruhusiwe kuleta daftari lake na mkalimani siku hiyo. Halmashauri ya tawi haijakubali kuiandika, kwa ile hoja kwamba si jambo la mishahara. Hoja hiyo itapigiwa kura katika mkutano ujao. Wanachama wenye watoto vyuoni, na wale wanaosoma wenyewe, wamwandikie katibu kabla ya siku hiyo, waeleze yaliyowapata. Walio katika zamu ya usiku wanaweza kumwachia karani wa zamu barua zao.