Bonde la Ruzizi: Mbwa achanjwe na afungwe kamba, asiuawe njiani



Leo sitaki kuongea juu ya risasi. Nataka kuongea juu ya mbwa na njia zetu za mguu. Najua kuna atakayesema: "Watu wanakufa, huyu anatuletea mambo ya mbwa." Ndugu, nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Juma lililopita, asubuhi, nilikuwa natembea katika njia inayofuata mfereji wa mpunga, karibu na kijiji ambacho sitakitaja. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyehama kutoka milimani, bidoni la maji kichwani. Mtoto wake, kijana wa miaka kama 9, alimfuata, na mbwa wao alimfuata mtoto. Vijana watatu wenye fimbo wakawasimamisha. Wakasema wakubwa wa kijiji wamepitisha neno: kila mbwa atakayekutwa katika njia apigwe mpaka afe. Mama aliomba. Mtoto alimkumbatia mbwa shingoni. Walimvuta mtoto pembeni, wakampiga mbwa mbele ya macho yake. Kisha mmoja akamwambia mama: "Wewe ulikuja hapa kuomba hifadhi, haukuja kufuga."

Nilikaa na huyo mama baada ya wale vijana kuondoka. Akaniambia mbwa alichanjwa mwaka jana, kule kwao. Karatasi ya chanjo ilibaki ndani ya nyumba waliyoikimbia usiku. Hakuna aliyemuuliza.

Wakubwa wa kijiji hawakuamka tu na kuchukia mbwa. Mwezi uliopita mtoto wa hapo aliumwa mguuni na mbwa asiyejulikana mwenyewe, na wazazi wakashikwa na hofu. Hofu hiyo ni ya haki. Kichaa cha mbwa si mchezo. Kinapita katika mate ya mnyama mgonjwa, kinafuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linasema vifo 99 kati ya 100 vya ugonjwa huu kwa watu vinatokana na mbwa, na kwamba kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni watoto wetu hao, wanaotembea kwa mguu kwenda shule na kuchota maji.

Basi mimi na wale wakubwa tunaogopa kitu kimoja. Tunaachana kwenye dawa. Wao wanasema fimbo. Mimi nasema sindano na kamba.

Fimbo haitusaidii, na sababu ziko wazi. Ya kwanza, yule mwenye fimbo hachagui. Anamuua mbwa aliye karibu, mtulivu, anayetembea na mwenyewe. Yule mwenye kichaa anayezurura usiku hakutani naye. Juma lile waliua mbwa aliyechanjwa. Maana yake walibomoa ukuta uliokuwa unawakinga wao wenyewe. Ya pili, watu wanaposikia neno la kuua, wanawaficha mbwa wao, au wanawahamishia kijiji kingine. Kama kuna mgonjwa kati yao, ugonjwa umesafirishwa. Ya tatu, nafasi ya mbwa aliyekufa haikai wazi. Baada ya miezi michache mwenye shamba ataleta mtoto wa mbwa mwingine, ambaye hajachanjwa, na tunaanza tena mwanzo.

Sindano kazi yake inajulikana. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, dunia ina chanjo ya ugonjwa huu. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya 100 mahali fulani, na ukirudia, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Haya si maneno ya Ulaya peke yake. Kule Pemba, kisiwa cha Tanzania ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi, walichanja mbwa kijiji kwa kijiji mpaka ugonjwa ukakatika. Uliporudi tena walichanja tena, ukakatika. Na Pemba ni nchi ya Waislamu wengi, watu ambao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Hawakuhitaji kumpenda mbwa ili wamchanje.

Tena tuulizane: kwa nini watu wa bonde hili wanatembea na mbwa? Siyo starehe. Mwenye mpunga anatoka saa kumi na moja asubuhi, giza bado liko, na viboko wanaotoka mtoni kula usiku hawajarudi majini. Mbwa anamsikia kiboko kabla ya mtu. Mchunga ng'ombe anatembea na mbwa. Mama mjane anayerudi na kuni anatembea na mbwa, na sisi sote tunajua anaogopa nini njiani, na siyo mnyama. Kwa familia iliyohama, inayolala nyuma ya turubai lisilo na mlango, mbwa ndiye mlango. Ukimwua mbwa huyo, umeing'oa komeo ya nyumba ya mtu.

Hata vitabu vitakatifu vinajua hili. Wakristo wanaosoma habari ya Tobia wanajua kwamba kijana yule alipotoka safarini mbwa wake alimfuata. Waislamu wanajua kwamba vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Mtu aliyeacha kwake na mbwa wake si mambo mapya.

Sasa nawageukia nyinyi wenye mbwa, wenyeji na wahami pamoja, kwa sababu ubaya mwingine unatoka kwenu. Mnasema "mbwa wangu hana shida" wakati anaingia kitaluni kwa jirani, anakanyaga miche ya mpunga iliyopandwa jana, anakimbiza mbuzi mwenye mimba, anakula mayai ya watu. Mnamwachia azurure usiku kucha na asubuhi mnashangaa ana kidonda. Mzee anakwenda msikitini ametawadha, mbwa wako anamrukia, halafu unacheka. Wewe ndiye uliyempa yule kijana fimbo mkononi. Mchuma janga hula na wa kwao. Kamba ya mita mbili haina bei kubwa. Hata ya katani inatosha. Mtu akipita kati ya mashamba ya wengine, au akikutana na watoto wa shule, amshike mbwa wake kwa kamba. Na asimpeleke ukingoni mwa Ruzizi kunywa: mamba wako, na mbwa anayekunywa ukingoni anamwita mamba mahali ambapo mama zetu wanafua.

Kwa wakubwa wa vijiji, naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha kutoka Kinshasa.

Kwanza, lifuteni neno la kuua. Mahali pake wekeni neno la kamba: mbwa bila kamba katika njia ya mguu, mwenyewe anaitwa na kulipa alichoharibu. Mwenyewe alipe, siyo mbwa.

Pili, chagueni katika kila kijiji njia moja ya kupita na wanyama, mbali na kisima na mahali pa kuchota maji, na muiambie watu kanisani, msikitini na sokoni. Njia za mifereji na za kando ya mashamba ziko tayari; zinahitaji kufyekwa na kutajwa. Anayeogopa mbwa atajua wapi asipite, na mwenye mbwa atajua wapi apite bila kupigwa.

Tatu, tumeni ombi kwa veterineri wa serikali na kwa mashirika yanayosaidia wahami, ili siku ya chanjo ifike mpaka kambini. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ni nafasi nzuri ya kuanza. Mbwa wa mhami ahesabiwe pamoja na wa mwenyeji. Ugonjwa hauulizi mtu ametoka kijiji gani. Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu sana kuliko sindano nyingi anazohitaji mtoto mmoja aliyeumwa, tena zile za mtoto mara nyingi hazipatikani karibu.

Na siku ile mtu akiumwa, hata na mbwa anayemjua, asingoje na asipake majani wala mafuta. Aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mfundisheni kila mtoto jambo hili.

Jana nilipita tena katika njia ile ya mfereji. Yule mtoto alikuwa anachota maji na mama yake. Aliponiona alisimama nyuma ya mama. Sikuwa na fimbo, lakini nilikuwa mtu mkubwa wa kijiji hiki, na hiyo ilimtosha kuogopa. Hivyo ndivyo tulivyompokea mgeni wetu. Wakubwa wa kijiji wanakutana tena siku ya soko. Nitakuwa pale, na nitalisoma neno hili mbele yao. Wewe uliye jirani, mwenye mbwa au asiye na mbwa, uje.

Mwandishi wenu, bonde la Ruzizi.