Mama Aliyeniuliza juu ya Zaburi ya 91



Juma hili ninataka kuungama kosa langu mbele yenu. Ninaamini litamsaidia mmoja wenu, ao litamsaidia mtu anayeishi naye nyumbani.

Mnakumbuka tarehe 4 mwezi wa tano, 2023. Ilikuwa siku ya nne, siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua kali ilinyesha katika milima ya Kalehe, mito ikafurika, na maji yakashuka pamoja na mawe na udongo juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawajaonekana mpaka leo. Hapa Bukavu wengi wetu tulikuwa na mtu kule: ndugu, mkwe, ao mwenzetu wa biashara.

Mama mmoja wa kundi letu la maombi alipoteza dada yake na watoto wawili wa dada huyo. Mwili wa dada haukupatikana. Jamaa walikaa kilio bila kaburi. Miezi miwili baadaye tulikuwa tunachambua maharagwe pamoja, yeye na mimi tu, akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mama, asubuhi ile dada yangu alinipigia simu. Tulisoma naye Zaburi ya 91, ile ya kufichwa chini ya mabawa ya Mungu. Tulisema amina sisi wawili. Magaribi maji yakamchukua. Uniambie basi, ni Zaburi ilidanganya, ao ni sisi hatukuamini vizuri?»

Nilifanya nini? Niliogopa. Nilimwambia: «Usiseme hivyo, mama. Mashaka ni mlango wa Shetani. Uombe tu.» Akanyamaza. Akamaliza maharagwe yake, akafunga kitambaa chake, akaenda. Siku ya Mungu iliyofuata hakuja kwenye maombi, wala ile nyingine. Pesa yake ya likelemba aliituma kila mara kwa mkono wa mtoto, haikukosa hata mara moja. Lakini yeye mwenyewe hatukumwona karibu mwaka mzima.

Nilijua ndani yangu kwamba kilichomfukuza ni jibu langu. Na nilijua jambo lingine lililonisumbua zaidi: swali lake lilikuwa langu pia. Nilikuwa nalo tangu mtoto wangu wa tatu alipokufa kwa malaria, mgongoni mwangu, tukiwa njiani kwenda kituo cha afya, huku ninaomba kwa sauti. Miaka yote hiyo sikumwambia mtu. Nilikuwa ninafundisha wengine, na swali nililifunika kama mtu anayefunika makaa kwa majivu.

Basi nikarudi kusoma Zaburi ile pole pole, yote, si mstari mmoja. Pembeni mwa ukurasa Biblia yangu ilinielekeza Matayo 4, na pale nilishangaa. Anayetaja ahadi za Zaburi ya 91 mbele ya Yesu ni Shetani mwenyewe. Anampeleka juu ya hekalu na kumwambia ajitupe chini, maana malaika watamchukua mikononi asijikwae. Yesu hakusema Zaburi ni uongo. Lakini alikataa kuitumia kama mkataba wa kumlazimisha Mungu. Na baadaye yeye mwenyewe, aliyemtumainia Baba kuliko sisi wote, alitundikwa msalabani na hakuna malaika aliyemteremsha. Alikufa, akazikwa, ndipo Mungu akamfufua.

Kwa hiyo Zaburi ile haiwezi kuwa na maana ya kwamba mwenye kuamini hataguswa na maji, wala risasi, wala malaria. Na kama ndivyo, basi mama yule na dada yake hawakuwa na kosa la imani. Hilo tu lilipaswa kuwa neno langu la kwanza kwake. Kwa nini maji yalipita pale siku ile, mimi sijui, na sitadanganya mtu kwamba ninajua. Lakini niliona kwamba Biblia ilikwisha kulifahamu swali letu kabla sisi hatujaliuliza.

Tangu hapo nilianza kutafuta watu wenye mashaka ndani ya Biblia, nikawakuta kila mahali. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shukrani yoyote mwishoni, na hata hivyo imewekwa katika kitabu cha sala. Yoane Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma wanafunzi wake kumuuliza Yesu kama ni yeye kweli ao wamngojee mwingine. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wale wajumbe warudi kumweleza waliyoyaona na kuyasikia, kisha akamsifu Yoane mbele ya watu wote. Katika Matayo 28, Yesu amekwisha kufufuka, wanafunzi wako naye mlimani, na wamo wenye mashaka kati yao. Aliwatuma wote.

Halafu kuna habari yetu sisi wamama. Luka 24 inasema wanawake walitoka kaburini wakawaeleza mitume, nao mitume wakaona ni maneno ya upuuzi tu. Tunayajua hayo! Siku zile ushuhuda wa mwanamke haukuwa na uzito mkubwa. Mtu ambaye angetunga hadithi ili aaminiwe angechagua wazee wa heshima kuwa mashahidi wa kwanza. Waandishi wa Injili walitaja wanawake, na waliandika wazi kwamba mitume wenyewe walishindwa kuamini. Kitabu kisichoficha aibu ya wakubwa wake kinanipa sababu ya kukitumaini.

Sasa neno moja kwa wale wenye watoto katika universite. Wanarudi nyumbani na mashaka ya namna nyingine. Wanasema: Biblia iliandikwa na watu, ikanakiliwa kwa mkono mara nyingi, utajuaje kwamba haikubadilishwa? Usimwite mtoto wako mpinga Kristo. Umjibu kwanza kwamba ni kweli, iliandikwa na watu. Luka anaeleza mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza mambo kwa uangalifu kabla ya kuandika. Kisha umweleze juu ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Kuanzia 1947 ziligunduliwa pale katika mapango hati za kale sana, na kati yake kitabu kizima cha Isaya kilichoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kilikuwa na umri wa miaka kama 1000 kuliko nakala za Kiebrania zilizojulikana mpaka wakati ule. Walipovilinganisha walikuta tofauti, ndiyo, nyingi zikiwa za herufi na maneno madogo, lakini ni Isaya yule yule tunayemsoma sisi.

Na akikuonyesha kwamba Matayo anataja malaika mmoja kaburini, na Luka anataja watu wawili, usikasirike. Wamama wanne wakiona ajali moja njiani, kila mmoja ataeleza alichokiona. Wakisema neno kwa neno sawasawa, utajua walikutana kwanza wakapanga.

Je, mashaka yote ni mazuri? Hapana. Kuna mtu anayeuliza kwa sababu anatafuta, na kuna mtu anayeuliza ili apate njia ya kutenda anavyotaka. Lakini sisi si waamuzi wa mioyo. Yule baba wa Marko 9 alimwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe pale asipoamini. Yesu hakungoja mashaka yake yaishe. Alimponya mtoto siku ile ile.

Kwa hiyo, wewe mwenye mashaka, umwambie Mungu kama yalivyo; hatashangaa. Umtafute mtu mmoja anayejua kutunza siri, umwambie. Usome sura nzima, usiishi kwa mstari mmoja uliotumiwa kwenye simu. Na usikate neno la kuacha imani usiku wa kilio, kama vile mtu asivyouza shamba siku ya njaa.

Na wewe unayeulizwa, usiwe na haraka kama mimi. Barua fupi ya Yuda inatuagiza kuwahurumia wenye mashaka. Huruma inaanza kwa kukaa na kusikiliza.

Mwishoni nilikwenda nyumbani kwa mama yule. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwomba msamaha. Alininyamazia muda mrefu, kisha akasema: «Mama, mimi sikumwacha Mungu. Niliwaacha ninyi.» Nikamweleza niliyoyasoma katika Matayo 4, na juu ya mtoto wangu wa tatu. Tulilia sisi wawili, tukanywa chai.

Amerudi kwenye maombi. Anakaa karibu na mlango. Tukisoma Zaburi ya 91 yeye hasemi amina bado, na hakuna anayemlazimisha. Zaburi ya 88 ndiyo anayoisoma yeye, kwa sauti, na sisi wengine tunamsikiliza mpaka mwisho.

Juma lijalo, kwenye mkutano wa likelemba, kutakuwa na kikapu mezani. Uandike swali lako kwenye karatasi, bila jina. Tutayasoma pamoja, na yale tusiyoweza kuyajibu tutayaombea.

Mungu awalinde, ninyi na watoto wenu.