Mlango wa kichochoro
Mama mmoja wa Katogota anatuuliza: tufunge kichochoro chetu? Usiku vijana wanakunywa kanyanga pale na kusumbua mabinti.

Mama, tunakusikia. Lakini mwenye mimba akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, atapita wapi? Kule Uingereza sheria ya mwaka 2014 inaruhusu serikali za mitaa kufunga njia kama hizo, ila si ile ambayo ni njia kuu ya kufikia nyumba ya mtu. Basi wekeni mlango, ufungwe usiku tu. Mchana watu waende mashambani. Ufunguo ukae katika nyumba mbili, moja kila upande, na majirani wote wazijue.

Na yule muuza kanyanga? Naye aongeleshwe. Nyote munamujua.