Mwanga Unaopima Ini

Nani kati yetu hununua maini buchani bila kuyatazama? Tunaangalia rangi, tunabonyeza kwa kidole, na yakiwa ya manjano tunamwachia mwenye bucha.

Tusishangae basi kusikia kwamba daktari mpasuaji naye hufanya karibu vivyo hivyo anapoletewa ini la mtu aliyefariki, ili ampandikize mgonjwa ambaye la kwake limeharibika kabisa. Hulitazama na kuligusa. Ini lenye mafuta mengi huwa na rangi ya manjano, na kingo zake huwa butu. Likipandikizwa, laweza kushindwa kufanya kazi.

Hapo ndipo penye uchungu. Akilipokea lililo bovu, mgonjwa aweza kufa. Akilikataa lililo zima, mgonjwa aweza kufa akingoja, na zawadi ya familia iliyofiwa imetupwa bure. Kipande chaweza kukatwa kipimwe kwa darubini, lakini kipande kimoja hakielezi habari za ini zima. Tena muda ni mfupi: ini lililowekwa kwenye barafu hutakiwa kupandikizwa katika saa 12 hivi.

Ndiyo sababu wataalamu wamegeukia mwanga. Wengi wetu tumewahi kubanwa kifaa kidogo kidoleni hospitalini. Hicho hupitisha mwanga mwekundu, na mwingine tusioweza kuuona, na kwa jinsi damu inavyounyonya hujulikana kiasi cha oksijeni. Vivyo hivyo, ini likimulikwa, mafuta hunyonya sehemu ya mwanga, na kiasi chake hukadiriwa bila kisu. Njia nyingine ni kutia rangi ya kijani, indosianini, katika mishipa ya ini. Kwenye kamera maalumu, panapopitiwa vizuri hung'aa. Palipoziba hubaki giza.

Vipimo hivi vingali vinafanyiwa utafiti, wala havijaondoa kazi ya jicho na mkono wa daktari.

Sisi je? Mafuta ya ini mara nyingi hayaumi, hivyo mtu hukaa nayo miaka bila kujua. Huletwa na unene uliozidi, kisukari, sukari nyingi na pombe. Habari njema ni kwamba mtu akipunguza uzito, nayo hupungua. Basi tupunguze soda mezani, tuongeze mboga, na tutembee kwa miguu. Ini lililo zima ni hazina kwetu wenyewe kwanza, na huenda siku moja likawa uhai wa mtu mwingine.